Mkutubi Anayedai Marehemu

Saa nne asubuhi, Jumamosi, katika boma moja karibu na Kombewa. Kwaya imenyamaza. Jeneza limelazwa juu ya meza mbili zilizounganishwa, na msimamizi wa shughuli anashika kipaza sauti kuuliza swali linalowatoa wengi jasho.

"Kama kuna mtu anadai marehemu, asimame sasa. Tukishazika, tusisikie maneno."

Mwanamke mwenye sweta ya kijani anasimama nyuma ya hema, bila haraka.

"Mimi natoka maktaba ya Kisumu. Marehemu ako na kitabu yetu. Hatudai pesa, tunataka kitabu tu."

Watu wanageuka. Mmoja anacheka, kisha anajifanya kukohoa. Mjane wa marehemu, Adero, anaingia nyumbani na kurudi na kitabu kilichofungwa kwa leso. Anakitoa akiwa ameugeuza uso pembeni.

"Chukua, Mama. Watoto hawataki kulala nyumba moja na hiyo kitu."

Huyo wa sweta ya kijani ndiye Beldina Nakhungu, mkutubi wa maktaba ndogo ya umma mjini Kisumu tangu mwaka 1981. Alipoanza kazi, kero yake ilikuwa wasomaji wanaochana kurasa na wanaofungia omena, dagaa wa ziwani, karatasi za serikali. Siku hizi, mwaka huu wa 1996, kero ni nyingine. Wasomaji wanakufa, wengi wao vijana, kwa ugonjwa ambao hakuna anayeutaja, na vitabu vinabaki kwao. Dawa ya deni ni kulipa, lakini maiti atalipaje?

Beldina alipata jibu kwao Bungoma. Huko, siku ya tatu baada ya mazishi, watu hukaa na kila anayemdai marehemu husimama na kusema. Deni lisilodaiwa, wazee husema, humfanya marehemu arudirudi. Kandokando ya ziwa wengi huuliza kabla ya jeneza kushushwa, kwa hiyo Beldina amejifunza taratibu zote mbili. Nauli hutoka kwenye mkoba wake, maana ofisi kuu haina fungu la matanga.

Mara nyingine huchelewa. Huko Asembo Bay alikuta kaburi limeshafunikwa, na kitabu kizima cha ufugaji wa kuku kimo ndani, kifuani pa marehemu. Jalada lilikuwa jeusi, na ndugu walidhani ni Biblia.

"Ningefanya nini?" anauliza. "Nilikula nikarudi."

Vitabu vinavyorudi kutoka matangani amevipanga rafu moja, karibu na dirisha la upande wa ziwa. Vinanuka moshi na dawa. Hakuna aliyetangaza chochote, lakini wanafunzi husongamana meza za mlangoni na kuiacha meza ya dirishani tupu. Kila asubuhi Beldina hukuta kiti kimoja cha meza hiyo kimevutwa nyuma, kama mtu aliyeinuka kwenda kujinyoosha. Hukirudisha, kisha huchemsha chai.

Chai hiyo ndiyo raha yake. Huinywa kabla ya kufungua milango, miguu ikiwa juu ya katoni ya vitabu vipya, akisoma chochote anachotaka. "Hapo mimi ni tajiri," anasema, na uso wake unaonyesha hatanii.

Lakini kipo kitabu kimoja ambacho mdai huyu hodari hajakidai, nacho kiko chumbani mwake.

Mumewe, Khaemba, alikuwa fundi wa reli. Alifariki mwaka jana akiwa ameazima juzuu ya kwanza ya historia ya reli, na akazikwa Bungoma. Siku ya tatu swali liliulizwa. Beldina alikuwa amekaa chini na wafiwa, na mjane hamdai mumewe. Hakuna mwingine aliyejua. Swali likapita.

Tangu hapo, asema, utepe wa kuwekea alama ndani ya kitabu hicho unasonga. Ulikuwa kwenye ukurasa wa Voi alipokufa. Ukafika Makindu, ukafika Nairobi, ukateremka Naivasha. Beldina analala peke yake na mlango anaufunga kwa komeo.

"Wananiambia ni upepo. Upepo haiwezi kusoma kwa mpangilio."

Mwandishi wa makala haya si mtu wa kuamini hadithi za jioni. Alikifungua kitabu hicho mwenyewe Jumanne mchana, akakuta utepe kwenye ukurasa wa Londiani, akakifunga. Jumatano, Beldina alipokifungua tena mbele yake, utepe ulikuwa Fort Ternan. Mwandishi alikataa kikombe cha pili cha chai, akaaga.

Juzuu hiyo inaishia Kisumu, na kurasa zimebaki chache. Hilo ndilo linalomnyima Beldina raha.

"Mzee Wakhisi ananigombeza," anasema. Wakhisi ni mlinzi wa maktaba, naye anatoka Bungoma. "Ananiambia, 'Kwa wengine unasimama, kwako unanyamaza. Unamfunga huyo mtu.' Anataka Desemba, kwa ukumbusho, asimame yeye adai kitabu, nirudishe mbele ya watu."

Kwa miezi alimkatalia. Sababu haifichi. "Nikiamka, kitu ya kwanza naangalia amefika wapi. Nikirudisha, nitaamkia nini?" Anafuta macho kwa ukingo wa sweta. Anampenda mumewe, na kifo hakijabadilisha hilo hata kidogo.

Wiki hii amekata shauri. Wakhisi atasimama Desemba, na yeye atakirudisha kitabu. Kisha Jumatatu atakayorudi kazini ataazima juzuu ya pili.

"Hii ya kwanza inamleta Kisumu, kwa kazi. Lakini kwao si hapa. Ile ya pili inapita Eldoret, Webuye, mpaka Bungoma. Nitaandika jina yangu, deni iwe yangu. Wacha afike nyumbani alale."

Na kurasa zikiisha?

"Mgeni akienda si unamsindikiza?" anajibu. "Halafu unarudi."

Juzuu ya pili ameshaitoa rafuni. Ameificha chini ya kaunta, na wanaoiulizia anawaambia imeshachukuliwa na msomaji.