Jumapili Watoto Walipogoma Kutangulia

Shangazi yangu huchomelea vyuma ili ale, na hufundisha Shule ya Jumapili ili aishi. Karakanani wanamwita Mama Cheche, na watoto wa kanisani wamelichukua jina hilo bila kuomba ruhusa. Suruali yake ya kazi ina matundu ya moto magotini, na mafundi wenzake humtania kwamba yeye hupiga magoti siku saba kwa wiki.

"Mtu aliyenyoosha shingo hachomelei chuma," huwajibu. "Inama uone unachofanya."

Kwa miaka mitatu aliliomba baraza la wazee jambo moja tu: watoto waongoze ibada Jumapili moja kila mwezi. Walikuwa wakisomea stoo ya viti, na kuingizwa kanisani mwishoni kupokea baraka, kama wageni waliochelewa. Mimi, mpiga kinanda wa kanisa, niliandika barua mbili kali kuwatetea. Hazikujibiwa. Shangazi aliendelea kuomba kwa mdomo, mwezi baada ya mwezi, mpaka katibu wa baraza akachoka.

"Haya, Mama Cheche. Jaribio moja. Wakituaibisha, wanarudi stoo na tusilizungumze tena."

Jaribio moja! Niliruka kwa hofu kama niliyekanyaga kaa la moto. Shangazi yeye aliingiwa na hofu ya aina nyingine: watoto wakipewa kanisa zima liwatazame, si watavimba vichwa? Basi akabandika karatasi kubwa kwenye ukuta wa stoo, yenye majina ya wote. Ukimpisha mwenzako, nyota. Ukikaa nyuma, nyota. Ukikubali kosa, nyota.

Wiki nne hazikuisha, watoto wakaanza kupigania benchi la nyuma.

"Ondoka hapo, mimi ni mnyenyekevu kuliko wewe!"

"Wewe? Una nyota tisa tu! Mimi ninazo kumi na nne!"

Tulicheka hadi mbavu zikauma, mimi na shangazi. Hatukuona hatari. Asiye na nyota hata moja alikuwa mtoto wa kike wa miaka sita, ambaye sote tulimwita Kiberenge, kama kile kigari cha reli, kwa sababu hakujua kutembea, alikimbia tu, na aliyekuwa njiani alisukumwa.

Jumapili ikafika. Kanisa lilijaa mpaka kwenye madirisha. Watoto thelathini na wawili walijipanga nje ya mlango mkubwa, wameoga wanang'aa. Nikapiga wimbo wa kuingia.

Hakuna aliyeingia.

Nikaurudia. Kisha nikasikia kutoka mlangoni:

"Tangulia basi."

"Aa, tangulia wewe. Mimi wa mwisho."

"Nani kakuambia? Wa mwisho ni mimi!"

Yule wa nyota kumi na nne akakaa chini sakafuni ili awe mdogo kuliko wote. Wenzake wanne wakakaa haraka wasipitwe. Kwaya ikaanza kuguna kwa kicheko. Nilipiga wimbo mara ya tatu, vidole vikiteleza kwa jasho. Katibu akatazama saa yake, akainuka, akaelekea mlangoni. Nilijua anakwenda kuufunga, ibada ya wakubwa ianze kama kawaida. Miaka mitatu inapotea kwenye kizingiti!

Shangazi alimpita mbio. Akafika kwa watoto, akapiga magoti kwenye saruji na gauni lake jipya.

"Wanangu, kosa ni langu," alisema. Kinanda kilikuwa kimenyamaza, hivyo kanisa zima lilimsikia. "Niliwafundisha kujitazama mnavyojishusha. Anayejitazama yeye, Mungu atamwona saa ngapi? Zile nyota nimezifuta. Naombeni mnisamehe."

"Zote, Mwalimu?" akauliza yule wa nyota kumi na nne. "Hata zangu?"

"Hata zako, baba. Sasa niambieni, leo tumekuja kwa nani?"

Walitazamana. Sauti ikatoka nyuma kabisa ya mstari:

"Kwa Mungu! Na anatungoja, jamani!"

Kiberenge huyo! Alipenya katikati yao, kiatu kimoja kikabaki nje, akaingia akiimba kabla sijagusa kinanda, tena ubeti wa pili. Nilimkimbiza kwa vidole nisimpate. Na wale thelathini na mmoja wakasahau kabisa nani wa kwanza na nani wa mwisho. Wakamwagika ndani kama maji ya bomba lililopasuka, wakimzunguka katibu aliyesimama katikati ya njia, kulia na kushoto.

Waliimba! Sijawahi kusikia sauti zisizopatana namna ile, huku paa likitaka kuondoka. Yule wa nyota kumi na nne alikuwa akimshikia kitabu mwenzake asiyejua kusoma, akimfuatishia mistari kwa kidole, na naapa hakujua kama kuna mtu anamwona. Hapo machozi yakanitoka, nami nikakosea noti mbili, hakuna aliyejali. Wazee walisimama. Akina bibi walisimama. Hata katibu, pale pale alipokwama, alianza kupiga makofi, kwanza kwa vidole viwili, kisha kwa mikono yote.

Baada ya ibada alimfuata shangazi uani. Nilisogea karibu nisikie.

"Mama Cheche, wale watoto wameingia kama mbuzi waliovunja zizi."

"Ni kweli, mzee."

"Na wewe umekiri kosa mbele ya washirika wote." Alikohoa. "Nina miaka ishirini na sita barazani. Tumekosea mara nyingi. Sikumbuki mmoja wetu aliyepiga magoti mbele ya watoto."

Shangazi aliinama kufuta vumbi magotini.

"Jumapili ya kwanza ya mwezi," akasema katibu. "Kila mwezi. Nitawaambia wenzangu mimi mwenyewe."

Nilifungua kinywa nipige ukelele, lakini kigelegele cha shangazi kilikuwa kimeshapaa, na watoto uani kote wakakipokea.