Kuonja Kabla ya Mgeni

Nilijifunza pombe za kila aina bila kumeza hata tone, na nilijisifu kwa hilo kama mjinga. Vita vya pili vya Kongo vilikuwa bado vinawaka. Tulitoka Bukavu watu sita wa ukoo mmoja, tukatawanyika njiani, nikafika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka peke yangu na diploma ya ualimu ambayo hapa Malawi hakuna aliyeitaka. Watu wangu wakawa kwaya ya kanisa. Wao ndio waliokuwa wakiniita ndugu, na wakinikosa mazoezini walikuja kunigongea mlango. Zaidi ya hao sikuwa na mtu.

Kwa hiyo nilipopata kazi ya kuhudumia meza kwenye hoteli ndogo ya Lilongwe, nilikwenda kwanza kuomba ruhusa. Kanisani kwetu pombe ni dhambi, hakuna mjadala. Aliyenipokea ni mzee wa kanisa, ambaye ndiye aliyeongoza kwaya.

"Kubeba chupa, sawa," alisema. "Lakini siku pombe itapita mu koo yako, utatoka mu kwaya. Umesikia?"

Nikasema nimesikia.

Mwenye hoteli alikuwa mama wa Kimalawi, mkali wa kazi na mwepesi wa kucheka. Alipogundua kwamba sinywi, alishika kichwa. "Bambo, bwana wangu, utauzaje usichokijua?" Basi akanifundisha kwa pua na macho. Bia, alisema, ni nafaka iliyochemshwa na kuachwa ichachuke, iwe ile ya chupa au ile nzito ya mahindi wanayokunywa watu wa mtaa wa Area 25. Unaimimina ukiwa umeinamisha glasi, la sivyo unamuuzia mtu povu. Hilo halikunisumbua, maana nilikua nikiona kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Mvinyo ni maji ya zabibu yaliyochachuka. Mwekundu huachwa bila barafu, mweupe hupoozwa, na glasi hushikwa kwenye kikonyo ili kiganja kisiupashe moto.

Pombe kali, yaani wiski, jini, brandi na ndugu zao, ni pombe iliyochemshwa tena na mvuke wake kukingwa. Ni kachasu, gongo ya vijijini, iliyovaa lebo, mama alisema, na unaipima kwa kikombe kidogo cha bati, humimini kwa huruma. Likea ni pombe kali iliyotiwa sukari na matunda, au kahawa, au maziwa mazito. Watu huinywa baada ya chakula, kidogo kidogo. Nilizinusa zote. Moja ilinukia maganda ya machungwa yanayokauka, na mama yangu alikuwa akiyakausha juu ya jiko. Nikairudisha kwenye rafu haraka kwa sababu machozi yalikuwa yananijia.

Siku sita kwa juma nililala chumba cha nyuma cha hoteli, sina wa kuongea naye Kiswahili. Nilifuta chupa huku nikizisemesha, sioni aibu kukiri. Jumapili nilipanda basi dogo kurudi kambini, nikaimba, nikawa mtu tena.

Kosa lilitokea Jumatano mchana. Mgeni mmoja mzee, mwenye suti, aliagiza mvinyo mwekundu. Utaratibu niliujua: fungua mbele yake, mimina kidogo, ngoja aonje, akikubali ujaze. Nikamimina kidogo. Hakuigusa glasi. Aliitazama, akanitazama mimi, akaitazama tena.

Kwetu mtazamo ule una maana moja tu: mtu anaogopa sumu. Na kwetu anayemimina kinywaji ndiye anayeonja kwanza, hata ndani ya familia, ili mgeni anywe kwa amani. Tunalelewa hivyo, hata sisi tusiokunywa pombe. Nyumbani tulionjeana juisi. Mkono haukuniuliza. Nilichukua glasi ya mgeni, nikanywa, nikairudisha mbele yake kwa heshima zote.

Kumbe mzee wa watu alikuwa akingoja chakula kifike kwanza!

Alifoka hadi jikoni wakasikia. Mama akaja, akasikia harufu kinywani mwangu, uso ukambadilika. Alidhani nimekuwa nikimwibia mvinyo tangu mwanzo, na kwamba kutokunywa kwangu kulikuwa geresha. Nikamweleza desturi yetu.

"Niletee mtu wa kwenu aniambie hivyo," alisema. "La sivyo Jumamosi ufungashe."

Mtu wa kwetu niliyemjua mwenye Kichewa cha kueleweka alikuwa mmoja, yule mzee wa kanisa, aliyekuwa akiuza maharage sokoni Mponela. Kumwita anitetee kulikuwa kujishtaki mbele yake. Ningeweza kuacha kazi, nikanyamaza, nikabaki na kwaya yangu. Lakini kuondoka na jina la mwizi sikuweza. Nikamtumia ujumbe.

Alikuja Ijumaa. Alimweleza mama kwa Kichewa, polepole, akionyesha kwa glasi tupu jinsi tunavyofanya. Mama alicheka, akaniomba radhi, akasema kazi ni yangu. Nilimsindikiza mzee hadi getini.

"Kwa mama nimesema kweli," akaniambia. "Na ku kanisa nitasema kweli."

"Mzee, ilikuwa mkono tu."

"Najua. Hata mi, mkono yangu ingefanya vile." Akanishika bega, akaenda kutafuta basi.

Jumapili nilikaa karibu na mlango, pamoja na wengine waliotengwa. Kwaya ikasimama. Walichagua wimbo unaoanzwa na besi, sauti yangu, na nasema wazi kwamba nilitamani uyumbe. Niliinamisha kichwa, nikasikiliza beti zote. Waliimba vizuri sana.