Skuli Iliyochagua Mwangwi

Juzi nlikuwa Wattaya, kwenye yale maduka ya magari, dereva mmoja akapiga honi kwa hasira. Mlima ukaipokea, ukairudisha. Mie nikasimama, nikasahau gari nililokwenda kuitazama.

Nakwambieni kwa nini. Skuli nyengine za mji huu wa Kiarabu zilikuwa na alama za kueleweka: mwewe, chui, jambia. Yetu, nyuma ya Matrah, imebanwa na majabali, alama yake ilikuwa mwangwi. Msinicheke. Mwalimu wetu wa Kimisri ndiye aliyeamua, na bendera ikabaki nyeupe kwa kuwa hakuna aliyejua mwangwi unachorwaje. Kabla ya mpira mtoto mmoja hupiga ukelele, "Nahnu!", yaani "Sisi!", kisha uwanja mzima kimya mpaka jabali lijibu. Likishajibu ndipo na sisi sote tunapolipaza neno lile lile. Wageni walikuja wakicheka, wakaanza mchezo roho juu.

Mtoto huyo nlikuwa mie. Tulikuwa tumetoka Unguja karibuni, Kiarabu changu kibovu, darasani naitwa Zinjibari na kuchekwa kila nikifungua mdomo. Lakini kifua nlikuwa nacho. Kwa neno lile moja, nlikuwa mtu wao.

Siku moja tukaenda kucheza Sib, uwanja wa mchanga, bahari mbele, tambarare nyuma. Hakuna aliyefikiri kwamba huko hapana jabali la kutujibu, hata mwalimu. Nikapiga: "Nahnu!" Tukangoja. Upepo tu, na harufu ya dagaa walioanikwa.

Kijana mmoja wa Sib akasema, "Jabali lenu limesahau kupanda basi?"

Wenzake wakaangua kicheko. Wangu kimya, macho kwangu. Nikayasoma macho yale: umetutia aibu, Zinjibari. Nikatoka mbio mpaka barabarani, nikadandia pikapu ya mboga. Skuli sikurudi tena. Baba alifoka, mama akalia. Mie nikaingia gereji kushika spana.

Gereji siijutii. Nyumba yangu ya Ansab sikupewa na mtu, wala na cheti.

Lakini mwaka jana, harusini, Khalfani aliyekuwa golikipa wetu alinishika mkono. Mzee sasa, magoti mabovu.

"Wewe bwana, siku ile ya Sib ulikwenda wapi?"

"Nlikimbia. Mlinitazama vibaya."

"Vibaya? Tulikuwa twangoja jabali, kama ada yetu. Lilipokataa tukajibu wenyewe, uwanja ukatetemeka. Tukageuka, hupo. Nafasi yako hatukumpa mtu mpaka tukamaliza skuli."

"Sikusikia."

"Utasikia wapi, na mbio zile?"

Nlicheka naye, kisha nikatoka nje, nikakaa garini peke yangu. Maisha yangu yote nimejivuna kwamba sikumngoja mtu. Kumbe kimya cha watoto wale kilikuwa kile kile cha siku zote, mie nikakisikia kama hasira. Ningelisimama pale pumzi moja zaidi, ningelisikia wakisema "Sisi", na mie nimo.