Dirisha Dogo Kwenye Kompyuta ya Mama

Katika nyumba yetu ya Levolosi, asubuhi ilianza kwa mlio wa kibodi. Ulikuwa mlio mkavu wa haraka, kama mahindi yanayopukuchuliwa ndani ya beseni la bati, na ulitoka chumba cha mbele ambako mama yangu alikuwa na ofisi yake ya kuchapa. Nikiwa bado kitandani niliweza kujua anachapa nini. Barua ilikuwa na vituo vingi vifupi, mtihani wa shule ulikwenda kwa kurukaruka kwa sababu ya namba na nafasi za kujaza majibu, na hotuba ya harusi ilitiririka bila kusimama. Chumba chenyewe kilinuka vumbi lililopata joto, harufu iliyotoka nyuma ya kompyuta ikiwa imewaka muda mrefu. Mwezi wa Juni, ukungu wa Mlima Meru unaposhuka mpaka mitaani na watu wanashinda na makoti, nilipenda kukaa karibu na mgongo wa ile kompyuta nikiota joto lake huku nikinywa uji.

Mama alikuwa amefanya kazi ya ukatibu muhtasi miaka mingi kabla ya kujiajiri. Alijifunza kuchapa kwa taipureta, kisha kwa programu moja ya zamani isiyo na picha hata moja, na hiyo ndiyo aliyoing'ang'ania. Ukiifungua, kioo kizima cha kompyuta kiligeuka buluu, kutoka pembe hadi pembe, na juu yake zilikaa herufi nyeupe, nene, kubwa kiasi kwamba niliweza kuzisoma nikiwa mlangoni. Hakukuwa na kishale cha kukimbiza kwa mausi. Kila amri ilikuwa na kitufe chake, na vidole vya mama vilivijua vyote. Watu walimcheka kidogo kwa kubaki nyuma, naye aliwajibu kwamba hiyo programu haijawahi kumpotezea hata ukurasa mmoja.

Mwaka niliokuwa darasa la sita, ile kompyuta ilizima na haikuwaka tena. Mjomba wangu akatuletea nyingine, iliyotumika ofisini kwao lakini mpya zaidi kuliko yetu, yenye kioo chembamba kipana na mfumo mpya. Fundi aliyekuja naye kuhamisha kazi za mama alikuwa Kaka Goodluck, kijana mpole wa mtaa wa pili aliyekuwa akitengeneza kompyuta na redio. Programu ya mama ilikubali kufunguka, lakini ilifunguka ndani ya dirisha dogo, kama bahasha iliyobandikwa katikati ya ukuta. Mama akabonyeza vitufe viwili alivyozoea ili kioo kijae. Ukatokea ujumbe wa Kiingereza, ambao Kaka Goodluck aliusoma na kuutafsiri: mfumo huu haukubali kujaza kioo kizima.

"Ndivyo walivyotengeneza, mama," alisema. "Hizi programu za maandishi matupu zimepitwa. Nikufundishe mpya, ni rahisi tu, unashika mausi hivi."

"Hapana, mwanangu. Iache hivyo hivyo. Inatosha."

Alisema "inatosha" kwa sauti ya kawaida kabisa. Nilikuwa nimesimama pembeni yake, na sikusikia kitu chochote ndani ya neno lile.

Wiki hiyo hiyo alikuja Mwalimu Loishiye, mwalimu mstaafu kutoka Oldonyo Sambu, akiwa amebeba kaunta buku tano ndani ya mfuko wa turubai. Alikuwa ameandika maisha ya wazazi wake: mifugo yao, mashamba, miaka ya ukame, jinsi mama yake alivyomkatalia baba yake asimwachishe yeye shule. Alitaka kitabu hicho kichapwe kabla ya mkutano wa ukoo wao mwezi wa nane, na alitaka kila ukurasa ukae alivyouandika. Mama alimwamkia, akapokea zile kaunta buku kwa mikono miwili, akaahidi. Mwalimu alipoondoka, mama akaniita.

"Aika."

"Abee."

"Likizo hii utanisomea. Nikiangalia kitabu na kioo kwa pamoja nachelewa. Wewe soma, mimi nichape."

Niliona nimepewa cheo. Alinipangia kiti upande wa pili wa meza, mgongo wangu ukielekea dirishani ili nipate mwanga, na kompyuta ikawa katikati yetu, kisogo chake kikinitazama mimi. Kwa wiki tatu nikawa nasoma. Mwandiko wa Mwalimu ulikuwa wa kiualimu, umelala kidogo upande wa kulia, na nilisoma kwa sauti ya taarifa ya habari, nikitaja nukta na mkato. Mama alichapa huku akitazama mbele, uso umetulia. Wakati mwingine alisimama akasema, "Rudia hapo," nami nilidhani amependezwa na maneno. Ile habari ya mama yake Mwalimu kukataa nilimsomea mara tatu. Sijui kama katika utoto wangu kuna siku nilizokuwa karibu na mama kuliko hizo.

Jumatatu ya wiki ya nne nilidondosha kipande cha karatasi nilichotumia kuwekea alama, kikateleza chini ya meza mpaka upande wake. Nikazunguka kukiokota, na nilipoinuka macho yangu yakatua kwenye kioo. Kile kidirisha kilikuwa pale katikati, kidogo, herufi zake nyembamba kama wadudu. Nilisogea nisome sentensi niliyokuwa nimetoka kuitaja. Haikuwepo. Kulikuwa na mistari ya vurugu: konsonanti zimesongamana, mikato katikati ya maneno, nukta mkato mahali pasipo na sababu. Mstari wa juu uliandikwa "Nsns usmhi". Nilidhani nimekosea, nikasoma tena.

"Mama, kompyuta imeharibika."

Vidole vyake vilisimama. "Imeandika nini?"

"Kwani huoni?"

Niliuliza kama mtoto anavyouliza, bila ubaya. Mama aliendelea kutazama mbele, na kwa mara ya kwanza niliangalia macho yake yanatazama wapi. Yalikuwa yanatazama juu kidogo ya kioo, ukutani, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Nakumbuka nilinyanyua mkono nikaupunga polepole kando ya uso wake, upande wa kulia, na hakugeuka. Nikajichukia papo hapo kwa kufanya hivyo.

"Nisomee herufi moja moja," akasema.

Nilimsomea: n, s, n, s, halafu u, s, m, h, i. Mama aliondoa mikono kwenye kibodi, akaiweka juu ya meza tupu, akawa anagusa mbao kwa kila herufi niliyotaja. Kisha akasema taratibu, "Baba yangu." Ndiyo maneno ya Mwalimu yaliyoanza mstari ule. Kwenye ile kibodi iliyotumika, vinundu viwili vya vitufe vya katikati vinavyoongoza vidole vilikuwa vimefutika. Siku alizoweka mikono sawa, kurasa zilikuwa safi. Siku alizoiweka kitufe kimoja zaidi upande wa kulia, kila herufi ilihama, na yeye hakuwa na namna ya kujua. Kwenye kioo cha zamani angeona. Kwenye hiki alikuwa akiona doa la buluu tu.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

"Miaka miwili. Jicho la kulia lilianza. Baba yako hajui, na usimwambie kwa simu. Akiwa barabarani na lori atafikiria mambo mengi."

Miaka miwili. Nilikaa sakafuni pale pale, na mambo yakaanza kunirudia moja moja bila kuitwa. Alivyokuwa akipitisha kidole ukingoni mwa kikombe kabla ya kumimina chai. Kanisani, alivyonipa mimi kitabu cha nyimbo akisema anapenda sauti yangu. Majirani walivyoanza kusema Mama Aika siku hizi anaringa, hasalimii mpaka asalimiwe. Nilikuwa nikilala naye nyumba moja, nikila naye sahani moja, na nilikuwa nimesomea sikio lake wiki tatu nzima nikidhani anasoma nami. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kitu kilichonitisha kuliko giza lake ni jinsi lilivyokuwa limekaa katikati yetu mchana kweupe.

Siku ya pili yake alinituma nimwite Kaka Goodluck. Alimweleza yote, akiwa amesimama, kama mtu anayetoa taarifa ofisini. Yule kijana aliweka bisibisi yake mezani.

"Ungeniambia, mama," alisema. "Mimi nilidhani hutaki tu kubadilika."

Aliondoka, akarudi baada ya siku mbili na flashi. Alikuwa amepata programu inayoigiza kompyuta ya zamani ndani ya ile mpya, na ndani ya uigizaji huo programu ya mama ilifunguka kama ilivyokuwa ikifunguka siku zote. Akabonyeza vitufe viwili, na kioo kikajaa buluu pembe hadi pembe, kikubwa kuliko cha kwanza. Kisha akatoa gundi na kudondosha tone moja moja kwenye vitufe viwili vya katikati, ikakauka ikawa vinundu. Mama alisogeza uso karibu, akausogeza tena, upande wa jicho la kushoto. Alisoma neno moja kwa sauti. Halafu akalia, na Kaka Goodluck akatoka nje kusubiri.

Mwalimu Loishiye alipokuja, mama hakumficha. Alimwonyesha kurasa nzuri na kurasa mbaya. Mwalimu alivaa miwani, akasoma ile vurugu kwa utulivu kana kwamba anasahihisha daftari. Nilitegemea atasema neno la kufariji. Alichofanya ni kuchukua kaunta buku tatu na kuzirudisha kwenye mfuko wake.

"Hizi nitampa mwingine, muda umekwisha," alisema. "Hizi mbili malizia wewe. Lakini Mama Aika, wewe uliahidi ukijua."

"Ndiyo, Mwalimu. Nilijua."

Hizo mbili alizimaliza kwa wakati, na hazikuwa na kosa. Baba aliporudi safari aliambiwa, akaketi kwenye ndoo ya maji iliyopinduliwa, buti hazijavuliwa. Kesho yake alimpeleka hospitali. Daktari alisema ni presha ya macho, kwamba kilichokwenda hakirudi, lakini kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone. Kililindwa miaka kadhaa. Angewahi, kingelindwa kingi zaidi.

Leo mama haoni, isipokuwa anajua dirisha liko upande gani. Simu yake inamsomea ujumbe kwa sauti, naye anaikosoa matamshi. Mimi nina duka la kutengeneza kompyuta Olasiti, na macho yangu yanapimwa kila mwaka kwa sababu ugonjwa huu hutembea kwenye familia. Kukuza maandishi sasa ni kazi ya vidole viwili kwenye kioo cha simu, hata mtoto anaifanya bila kufikiri, na ndiyo maana hakuna anayeuliza kwa nini mtu anayataka makubwa. Nikikumbuka siku ile ya kwanza, Kaka Goodluck, mjomba na mimi tulizunguka meza tukihangaikia mfumo mpya, vitufe na ujumbe wa Kiingereza. Sote watatu tulikuwa tukiitazama kompyuta. Hakuna aliyemtazama mwanamke aliyekaa mbele yake.

Mwezi uliopita aliingia mteja, mwanamume wa makamo mwenye koti zuri, akaweka kompyuta yake mezani na kusema ina tatizo, herufi zimekuwa ndogo. Niliiwasha. Herufi zilikuwa za kawaida. Nilizikuza mpaka akasema hapo sawa, kisha nikafunga kifuniko na kumuuliza kwa sauti ya chini mara ya mwisho alipima macho lini. Aligeuka kwanza kuangalia mlangoni alikosimama mke wake akiongea na simu. Halafu akaniinamia.

"Nani amekuambia?"