Ni Ndizi Tu, Ni Mawazo Tu

Saa tatu asubuhi, Mama Utumbo anafunga uzi kwenye kipande cha utumbo kisichozidi urefu wa kidole, anakitundika ndani ya bomba la kioo lenye maji ya chumvi ya uvuguvugu. Kimetoka kwa mgonjwa, chumba cha upasuaji cha ghorofa ya chini, na hata saa moja haijapita. Anadondosha tone moja la serotonini, kemikali ya mwili inayopeleka ujumbe kwenye neva. Kipande kinajikunyata, kalamu ya mashine inachora kilima.

"Umeona?" anauliza, macho kwenye karatasi. "Kichwa hakina, mwenyewe yuko kitandani kalala. Lakini kimesikia."

Kilichosikia ni vipokezi vilivyo kwenye neva za utumbo, ambamo serotonini huingia kama ufunguo kwenye kufuli. Utumbo una neva zake, na sehemu kubwa ya serotonini ya mwili hutengenezwa humo humo, si kwenye ubongo. Mama Utumbo, jina alilobandikwa na wenzake naye akalipokea kwa kicheko, hakuyasomea hayo. Aliajiriwa kuosha vyombo vya maabara. Ameyaona kwa macho yake miaka kumi na minne, na wakubwa wawili wamepanda vyeo kwa vilima alivyowachorea.

Miaka minne iliyopita tumbo lake mwenyewe likamgeuka. Choo mara nane, mara kumi kwa siku, na uso unawaka ghafla kama aliyeinamia jiko. Zahanati wakamwambia umri umefika. Wifi yake akasema ni uvivu uliotafutiwa jina. Akajipa moyo, akamwendea profesa, bosi wake, mtu anayealikwa kila mahali kuhutubia juu ya neva za utumbo.

"Akanitazama hivi," anasimulia, akishusha miwani asiyokuwa nayo. "'Dada, punguza mawazo.' Yaani yeye! Ningesikia kwa mwingine ningesema anamsingizia."

Lakini kinachomkereketa zaidi kiko chumba cha jirani. Humo hupimwa mkojo wa wagonjwa kutafuta mabaki ya serotonini. Yakizidi mno, huenda kuna uvimbe unaoitengeneza bila breki. Mashine huhitaji pia mkojo wa mtu mzima mwenye afya, wa kulinganishia, na mazoea yao ni kuombana wenyewe kwa wenyewe. Miaka miwili iliyopita zamu ilimwangukia yeye.

Kipimo kikaruka mara sita ya kawaida. Fundi wa mashine akacheka. "Mama Utumbo, umekula ndizi wewe!" Ni kweli, ndizi hupandisha kipimo hicho. Akaumwaga mkojo kwenye sinki, akaomba wa mwingine. Mwaka uliofuata, vivyo hivyo.

"Nami nilicheka," anasema, na sasa hacheki. "Nilijua sijala ndizi, tumbo lenyewe lilikuwa halizitaki. Lakini muosha vyombo atabishana na mashine?"

Miezi mitatu iliyopita alianguka kwenye ngazi, moyo ukienda mbio. Wiki hiyo hiyo akakusanya mkojo wake kutwa kucha, akaandika kwenye chupa namba kama ya mgonjwa yeyote, akaiweka mezani kwa fundi. Safari hii kipimo kiliporuka, haukumwagwa. Picha zikaonyesha uvimbe kwenye utumbo mwembamba, mdogo kama harage, na madoa matatu kwenye ini. Daktari wa upasuaji amemwambia kwamba miaka miwili nyuma, pengine ini lingekuwa safi.

"Majuto ni mjukuu," anasema. "Huyu wangu kazaliwa na meno."

Fundi amekuja kwake mara mbili, analia. Mara ya pili alibeba mfuko wa matunda. "Nikamwambia, kaka, afadhali hukuniletea ndizi." Hajamsamehe, na hafichi.

Atapasuliwa Alhamisi. Anajua madoa ya ini yatabaki, na anajua maana yake. Ameomba jambo moja tu: utumbo watakaoukata usizamishwe kwenye dawa ya kuhifadhia, inayoziua neva, kabla kipande chake hakijapandishwa juu maabara, kwenye barafu, ndani ya saa moja.

Nani atakitundika, ilhali mtundikaji ni yeye?

"Profesa. Kwa mikono yake. Nimemwambia ana kwa ana, akaitikia kwa kichwa, hakunitazama." Anafuta bomba la kioo, analiinua kwenye mwanga kuangalia kama limetakata. "Afunge uzi, adondoshe tone, akione kinavyojikunyata, na mimi huko chini nimelala usingizi wa dawa, sijui hili wala lile. Nikiamka anijibu: yale mawazo aliyoniambia nipunguze yalikuwa ya nani?"