Nilipoligeuzia Ziwa Mgongo

Miaka ya hamsini, shuleni kwa masera pale Baraka, kando ya ziwa, zoezi lililonishinda kuliko hesabu lilikuwa la kusimama kwa mguu mmoja. Unaubandika wayo wa mguu wa pili gotini, unainua mikono juu, unatulia. Wenzangu walitulia. Mimi nilianguka, nikainuka, nikaanguka tena upande ule ule, mpaka wakachoka kunicheka.

Masera aliyetufundisha, mtawa mwembamba wa Kizungu, aliijua sababu kabla yangu.

"We uko naangalia maji," akasema. "Maji iko natembea, na we unatembea naye. Geuka, angalia mulima."

Rahisi kusema, kwa mtu asiyejua ya kwetu! Mama alikuwa amevuka kwa mtumbwi kwenda Ubwari, ile rasi ya ng'ambo, kumuuguza bibi, mama yake mzazi, na nyumbani kwetu kulikuwa na mwiko: mtu wenu akiwa safarini ziwani, huligeuzii ziwa mgongo mpaka afike. Aliyeushikilia mwiko huo ni shangazi, dada ya baba. Tangu tupate habari kwamba mama yuko karibu kurudi, alishinda ufukweni akichambua maharage bila kuyatazama. Mimi nililikodolea ziwa macho kutoka uwanja wa shule. Niliamini kabisa kwamba nikigeuka tu, mtumbwi wa mama utapinduka.

Lakini kuanguka nako kunachosha. Siku moja hasira zikanipanda, nikageuka. Milima ilikuwa pale pale ilipokuwa jana. Nikabandika wayo gotini, nikainua mikono. Moyo ulinienda mbio kwa woga, mwili ukatulia kabisa. Sijui nilisimama kwa muda gani; najua tu kwamba nilikuwa namwomba Mungu asinihesabie kosa.

Ndipo nikamwona mwanamke akija kwa barabara ya chini ya mlima, mkeka wa bibi kichwani, nywele zimenyolewa. Nikajua bibi hatunaye tena. Na ule mwendo niliujua. Mguu ukashuka wenyewe, nikakimbia.

"Mawimbi ilikuwa mingi sana," mama akaniambia, mkono wake kichwani pangu. "Niliogopa. Nikapita na barabara, na miguu."

Macho yake yalikuwa makavu. Sikumwambia nilichokuwa nimefanya.

Tukateremka pamoja hadi ufukweni. Shangazi alikuwa amekaa vile vile, ungo mapajani, macho majini. Mama akasimama nyuma yake, akamgusa bega. Shangazi akautikisa ule mkono bila kugeuka.

"Niache! Mi niko naangalia wifi yangu, hayafika bado."

Mama, ambaye baadaye aliniambia hakulia hata makaburini, aliketi mchangani hapo hapo nyuma yake, akalia kwa sauti.