Bei ya Kufukuza Mnunuzi

Edah Shikanga wa Khayega hajawahi kufinyanga chungu kikasimama wima. Mamake, Truphosa, alimfundisha tangu darasa la nne mpaka akachoka. "Mikono yako inapendanga vitu vya kubonyeza," alimwambia. Basi mama akafinyanga, binti akauza.

Aliuzia mtandaoni, katika chumba kilicho nyuma ya kinu cha posho, ambapo meza hutetemeka mahindi yakisagwa. Kwa miaka tisa duka lake lilibeba vyungu vya akina mama sita wa Ilesi. Lilijengwa kwa programu ya bure iitwayo Dukahuru, aliyojifunza alipokuwa karani wa saiba, kwenye kompyuta za kukodisha. Ikikwama, aliitengeneza mwenyewe, akiwauliza watu wa mbali asiowajua, nao wakamjibu.

Truphosa alifariki mwaka juzi. Baada ya mazishi jamaa waliketi kugawana vitu vyake, na Edah akapewa mtungi wa mwisho aliofinyanga. Kitu cha mgawo hakiuzwi. Hilo halihitaji kuambiwa mtu. Lakini ukurasa wa Truphosa dukani Edah hakuufuta. Kila chungu kilikuwa kimeandikwa "kimeuzwa", na chini yake maneno ya wateja.

Mwezi wa tatu ikaja barua. Dukahuru ilikuwa imepata wenyewe wapya. Toleo la zamani halingetengenezwa tena. Kila duka lihamie kwenye jipya. Huko wanunuzi hawangekuwa watu peke yao, bali pia roboti zinazotumwa na watu kutafuta, kulinganisha na kulipa. Na bidhaa ambayo haipo kwa siku tisini ingefutwa yenyewe, pamoja na ukurasa wake.

Edah aliisoma mara tatu. Akina mama watano waliobaki hawangeweza kukaa katika nyumba isiyo na fundi, kwa hivyo akahama. Uliobaki kumuumiza kichwa ni ukurasa wa mamake.

Ndipo akakumbuka ujanja wa soko la Khayega. Mtu akikusimamisha kwa ajili ya ingokho, kuku unayempelekea shemeji, humwambii hauzwi. Unamwambia, "Elfu kumi." Anacheka, unacheka, anaenda zake. Ili ukurasa usiwe mtupu, Edah akaandika: mtungi, mmoja. Bei, shilingi elfu tisini.

Siku ya nne simu ikalia. Mtungi umenunuliwa. Pesa zimelipwa zote. Utumwe ndani ya siku tatu, la sivyo duka lote litafungwa.

Alikwenda Ilesi kwa miguu. Nafula, mmoja wa wale watano, aliyefinyanga ubavuni mwa Truphosa tangu usichana, alikuwa akikanda udongo.

"Senje," Edah akamwita, kama anavyowaita shangazi zake wote, "nimeuza mtungi wa mama."

"Umeuzaje?"

"Nilitaja bei ya kufukuza mtu. Roboti ikalipa."

Nafula akaangua kicheko, kisha akauweka udongo chini. "Kwani yenyewe haikucheka?"

"Haichekangi, Senje."

"Basi mmetuhamishia kwa watu gani?"

Edah akampigia mnunuzi hapo hapo, kwa nambari iliyokuja na malipo. Alikuwa Kipsang wa Eldoret, anayejenga nyumba ya wageni.

"Mimi? Niliiambia tu initafutie mtungi wa Kakamega wa mkono, bei isiwe shida. Kumbe imeshanunua?"

"Ndugu yangu, haukuwa wa kuuzwa. Ni wa marehemu mama."

"Pole sana, dada. Ngoja niirudishe." Akamsikia akiongea na kompyuta yake. Aliporudi, sauti ilikuwa ya aibu. "Inasema imeshalipa, wa kukataa ni muuzaji. Tena inauliza, kama haukuwa wa kuuzwa, mbona ulikuwa na bei?"

Edah akaishusha simu. Akikataa yeye, duka linafungwa. Pembeni vyungu vya wale watano vilikuwa vikikauka, kama arobaini hivi.

"Usinitazame," Nafula alisema. "Siwezi kukuambia uza. Wala siwezi kukuambia tufunge."

Alhamisi Edah aliufunga mtungi kwa nyasi kavu, akauzungushia blanketi, akautuma Eldoret. Pesa alimpelekea kaka yake mkubwa, Bramwel, jamaa wazigawane kama walivyogawana vitu.

Ukurasa ukaanza kuhesabu siku tisini. Edah hakuzingoja. Jumapili baada ya kanisa aliwaita wale watano chumbani kwake. Kinu kilikuwa kimefungwa. Akasoma maneno ya wateja yote kwa sauti, kama zinavyosomwa salamu za rambirambi kwenye matanga.

"Mtungi ulifika bila ufa. Mwambie mama maji yake yananukia mvua."

"Eee," wakaitikia.

"Kifuniko hakitoshi."

Wakacheka mpaka mmoja akajifuta macho, kwa sababu kifuniko cha Truphosa hakikuwahi kutosha mahali popote.

Maneno yalipoisha Edah akamsogezea Nafula simu, akamwonyesha pa kubonyeza. Nafula akabonyeza. Simu haikuitika. Kidole kilikuwa na udongo mkavu. Akakipangusa kwa leso polepole, akabonyeza tena, na ukurasa ukaondoka.

Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusimama.